Mukbang ya Tanga: kurusha mlo mubashara kwa simu mbili

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu mbili (moja yenye kamera nzuri, nyingine hata ikiwa kioo chake kimepasuka), meza, dirisha na mdomo usioishiwa maneno. Kazi yenyewe ni mukbang: kula mbele ya kamera huku unapiga soga na wanaokutazama, mubashara, kwa dakika 40 hivi. Wengi huanza na sahani: nile nini, na kingi kiasi gani? Hilo ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni nani atasoma komenti wakati vidole vyako vimejaa mchuzi wa nazi.

Sababu iko kwenye asili ya jambo lenyewe. Intaneti ya kasi iliingia majumbani Korea Kusini tangu mwisho wa miaka ya 1990, na video za watu wa kawaida zikapata uwanja huko mapema kuliko nchi nyingi. Pandora TV ilifunguliwa 2004, YouTube ikaja 2005, na 2006 ikaingia AfreecaTV (jina halihusiani na bara letu, ni kifupi cha maneno ya Kiingereza), ambako yeyote mwenye kompyuta na kamera ndogo aliweza kujirusha mubashara akiwa chumbani kwake. Wakati huo video za namna hii, zilizoitwa UCC, zilikuwa gumzo la nchi nzima, na uchaguzi wa rais wa 2007 ulipofika tume ya uchaguzi ilikuwa imeshazitungia miongozo. Kula mbele ya kamera kulishika kasi AfreecaTV kati ya 2009 na 2010. Mtu mmoja, sahani, na safu ya maandishi ikitiririka pembeni mwa picha. Watazamaji, wengi wakila peke yao makwao, walimuuliza maswali, walimtania, walimwambia onja kile kwanza, na walimtunza kwa puto za nyota, zawadi za mtandaoni zilizonunuliwa won 100 (pesa ya Korea) moja kabla ya kodi, vilevile mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa jukwaani: mkono unatoa hadharani, jina linatajwa, na mtoaji anaonekana na wote. Ukiondoa maandishi yale, kinachobaki ni mtu anayekula tu, na huyo Tanga yupo kila kibaraza.

Kwa hiyo kila kitu hapa chini kimepangwa kuzunguka maongezi.

Meza, simu na mikono

Meza ya kawaida ya sentimita 70 hadi 75 inatosha. Simu ya kurekodi isimame upande wa pili wa meza, sentimita 80 hadi 100 kutoka usoni kwako, lenzi ikiwa sawa na kidevu. Ikishuka, watu watatazama matundu ya pua. Ikipanda sana, sahani zinaonekana lakini macho yanapotea. Usiisogeze karibu zaidi. Lenzi kuu ya simu ni pana, na mkono unaonyooshwa kuielekea unakuwa mkubwa kuliko kichwa. Simu yako ikiwa na lenzi ya 2x, irudishe nyuma hadi mita moja na nusu utumie hiyo. Sura itatulia na sinia litaonekana la kiasi chake. Tumia kamera ya nyuma, si ya selfi.

Simu ya pili ndiyo dirisha lako la komenti. Iweke chini kidogo ya ya kwanza ili macho yasihame mbali na lenzi, ifungue matangazo yako mwenyewe, uzime sauti yake kabisa (ukiiacha, sauti itatoka hapo, iingie kwenye maiki na kurudi tena na tena), kisha ushushe ubora wa picha hadi 144p isije ikala bando bure. Bora zaidi ni kuwa na msaidizi pembeni mwa fremu, mdogo wako au shoga yako, anayesoma komenti kwa sauti: jina kwanza, kisha swali. Wewe rudia swali kabla ya kujibu. Matangazo huchelewa kumfikia mtazamaji kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine zaidi ya kumi, na jibu lisilo na swali linamkuta ameshasahau alichouliza.

Anayetaka mkeka na sinia badala ya meza hajakosea, ila ainue sinia juu ya kitu cha sentimita 25 hadi 30. Bila hivyo utakula umeinama na kamera itapata kofia au ushungi tu. Birika na beseni la kunawia viwe karibu, na kitambaa kikavu cha pili kwa ajili ya simu peke yake. Mafuta kwenye lenzi ndiyo yanayoleta ule ukungu ambao watu huulaumu kwenye kamera.

Mwanga, na kosa la mafunzo ya Korea

Dirisha linashinda taa nyingi za dukani, mradi jua lisiingie moja kwa moja. Dirisha la mashariki lifae alasiri, la magharibi lifae asubuhi. Likae upande wako, si mgongoni. Mgongoni simu hukufanya kivuli. Mbele moja kwa moja, mchuzi unakuwa bapa, hauna mng'ao. Mwanga unaotoka ubavuni na nyuma kidogo ya sahani ndio unaoonyesha tui likimeta na mvuke ukipanda, na mvuke wenyewe hauonekani kama ukuta wa nyuma ni mweupe: tundika kitenge cheusi au cha buluu iliyokolea. Upande wa pili wa uso simamisha manila nyeupe ili kivuli kisiwe kizito.

Usiku utahitaji balbu mbili za LED zenye rangi moja ya mwanga. Moja nyeupe na moja ya njano hazipatani. Simu itahangaika kutafuta rangi na wali utageuka mara bluu mara pilau. Hapa ndipo mafunzo mengi ya video yaliyotengenezwa Korea yanapowapoteza watu. Umeme wa kule ni hezi 60, wa kwetu ni hezi 50. Mwalimu anakwambia urekodi kwa fremu 30 na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60. Ukifuata hivyo chini ya taa za hapa, mistari myeusi itatembea kwenye picha au mwanga utapepesa. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, au 1/100 kama picha ni angavu mno. Simu isiyokuruhusu kugusa shata mara nyingi ina kipengele cha kuzuia kupepesa ndani ya mipangilio ya kamera: chagua 50Hz. Kukipepesa bado, ujue balbu ni duni. Badilisha balbu, si simu.

Sauti

Mtazamaji huvumilia picha mbaya kwa muda mrefu. Sauti mbaya anaondoka. Maiki iliyo kwenye simu umbali wa mita moja inakusanya chumba kizima, kwa hiyo tafuta maiki ya kubana kwenye nguo na uifunge kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo, waya ukipita ndani ya nguo usisuguane na meza. Kipimo cha sauti kama kipo, kilele kikae kati ya desibeli -12 na -6. Kikigusa sifuri, mlio wa sambusa unapasuka, na hilo halirekebishiki baadaye.

Zima feni. Zima friji, uweke funguo za nyumba juu yake ili usilale samaki wakioza. Chumba chenye kuta tupu kina mwangwi. Kanga moja ukutani haisaidii, ni nyepesi mno. Simamisha godoro nyuma ya kamera, au tundika mablanketi mawili. Mvua juu ya bati haina dawa, ahirisha. Nyumba za mtaa wa Ngamiani zimebanana, kwa hiyo pita kwa jirani mapema, "shikamoo mama, usiku leo naomba redio ishuke kidogo kwa saa moja". Si adabu tu. Mji huu ni wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, na wimbo wa taarabu unaosikika vizuri kutoka dirisha la pili unaweza kutambuliwa na mfumo wa hakimiliki wa YouTube, ukakunyang'anya mapato ya video nzima. Yapi ya nje yabaki? Adhana: nyamaza, subiri iishe, endelea. Watazamaji wa hapa wataona una heshima, na wa mbali watapenda kuisikia.

Kama hurushi mubashara na unarekodi sauti kwa kifaa kingine, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili uweze kulinganisha baadaye. Mpiga gitaa wa Korea Lim Jeong-hyun, aliyejulikana kama funtwo, alisambaa dunia nzima kuanzia mwisho wa 2005 kwa video aliyojirekodi chumbani, kofia imefunika macho, dirisha nyuma yake. Sauti na picha zilirekodiwa mbalimbali na hazikuoana barabara, basi baadhi ya watazamaji wakadai hakupiga yeye. Alipiga yeye.

Chakula

Sasa sahani. Kuna tatizo la adabu ambalo mafunzo ya kigeni hayaligusi. Mtazamaji wa Korea amezoea mlio wa tambi zikivutwa mdomoni. Pwani, anayetafuna mdomo wazi hukaripiwa na bibi, na komenti zitamkaripia vilevile. Dawa ni kuacha sauti itoke kwenye chakula kinapovunjwa mkononi, si kinywani. Sambusa na bajia za moto, gamba la kaa likigongwa, muwa ukivunjwa, embe bichi ya chumvi na pilipili, tango: hivi vina mlio. Wali wa nazi, bada (ugali wa muhogo) na kisamvu havina, na vikija peke yake inabidi maneno yako yajaze kimya. Changanya, kimoja cha mlio kwa viwili vya kimya.

Sambusa usiifungie kwenye hotpoti. Mvuke unailowesha, na ndani ya dakika kumi hivi inakuwa laini. Iweke wazi juu ya karatasi, na mchuzi ndio uingie hotpoti, kwa sababu tui likipoa linafanya utando juu ambao kwenye kamera unaonekana kama chakula cha jana. Kaanga kundi la mwisho la sambusa dakika tano kabla ya kuanza.

Samaki nunua soko la Deep Sea asubuhi, na chagua mwenye mifupa mikubwa michache: nguru au jodari wa vipande. Kula samaki wa vimiba vingi huku unacheka na watu ni kutafuta balaa mubashara. Pweza mkate vipande vya sentimita mbili. Kikubwa kitakufunga mdomo kwa dakika nzima, na hiyo ni dakika ya komenti zisizojibiwa. Ukiingia kwenye mashindano ya pilipili, weka glasi ya maziwa karibu, maana maji hayazimi ukali wake. Tanga maziwa si shida.

Kiasi cha watu wawili kwa dakika 40: sambusa 10, samaki nusu kilo, wali wa vikombe viwili vya mchele, kachumbari na matunda. Kinatosha kabisa. Ile picha ya mtu mmoja na mlima wa chakula ipo, lakini hata kwao ililalamikiwa: mwaka 2018 serikali ya Korea Kusini, katika mpango wake wa kupambana na unene, ilitangaza nia ya kutunga miongozo ya mukbang, na mjadala ukawa mkali. Hapa, sahani inayobaki imejaa itakuletea matusi ya haki. Pakua kidogo, ongeza mbele ya kamera. Ramadhani usirushe mchana. Baada ya tarawehe ndipo watu wameshiba na wana nafasi ya kucheka.

Mtandao, joto na chaji

Rusha kwa 720p. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, saa moja inakula takriban GB 1.35, na dakika 40 zinakula GB 0.9. Pima kasi ya kupandisha, si ya kushusha, na upime saa ileile utakayorusha, kwa sababu saa tatu usiku mtandao una watu wengi kuliko saa tisa alasiri. Unataka angalau megabiti 6 zisizoyumba, maana yake mara mbili ya unachotuma. Zikiwa 4, shusha hadi 480p na usione haya. Laini ya mtandao mwingine iwe kwenye simu ya pili, yenye bando, tayari kugawa intaneti ya kwanza ikizama. YouTube inataka uwe na watu 50 waliojiunga ndipo uweze kurusha mubashara kwa simu, na ukiwasha huduma hiyo mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24. Iwashe juzi, si leo.

Adui mkubwa zaidi wa Tanga, hasa Desemba hadi Machi, ni joto. Simu inayorusha, inayochajiwa na kuwaka kioo kwa mwanga wote itapunguza nguvu yenyewe, kisha itakata. Vua kava, shusha mwanga wa kioo, ijaze chaji kabla, na uchomeke pawabanki ya mAh 10,000 pale tu ikifika asilimia 40. Usiiweke dirishani penye jua eti ipate mtandao.

Kurusha nje inawezekana, na Wakorea walishafanya: 2008, katika maandamano ya mishumaa dhidi ya nyama ya ng'ombe ya Marekani, watu walibeba kompyuta mabegani na kurusha AfreecaTV kutoka barabarani. Kwa mlo, ufukwe wa Raskazone ni pazuri kwa macho na pabaya kwa maiki. Upepo wa bahari unavuma moja kwa moja. Funika maiki kwa sifongo na kipande cha kitambaa chenye manyoya, ukae ukiwa umeupa upepo mgongo. Ukienda kwa mama lishe omba ruhusa kabla ya kamera kutoka mfukoni, na wateja wake usiwapige sura.

Maandishi juu ya picha

Matangazo yakiisha una dakika 40 za malighafi. Kata dakika 8 hadi 12 uzipandishe kama video ya kawaida, na vipande vitatu vya wima vya sekunde 30 hadi 50. Hapo ndipo mtindo wa Korea unapoonekana wazi: maandishi makubwa ya rangi yaliyotoka kwenye vipindi vya burudani vya televisheni tangu miaka ya 1990. Hayaandiki ulichosema tu. Yanachekesha, yanasema usichosema. Ukikodoa macho kwa pilipili, andika "anajuta lakini hasemi". Mistari isizidi miwili, herufi 30 kwa mstari, ikae sekunde mbili angalau. Rangi nyeupe kwa ulichosema, njano kwa maoni ya mhariri, ukingo mweusi kwa zote mbili. Kwenye video ya wima acha theluthi ya chini tupu, vitufe vya programu vinaifunika. Usitafsiri utani wa Kikorea. Watu wa Tanga wana wao, na unatosha.

Ila usikate tonge. Korea kuna watangazaji walioshukiwa kutema chakula kati ya mkato na mkato, na shaka hiyo ikishaingia haitoki. Kata maongezi yaliyopooza, si kipande kilichofika mdomoni.

Pesa

Mapato ya matangazo ya YouTube yanaanza ukiwa na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za video fupi ndani ya siku 90. Hesabu inaonyesha kwa nini maongezi marefu yanalipa: watu 100 wakikaa dakika 30 ni saa 50 kwa usiku mmoja. Kwa anayetaka kukutunza moja kwa moja, weka lipa namba ya biashara, si namba yako binafsi, na taja jina la kila aliyetoa, hata kama ni shilingi mia tano.

Mgahawa ukikupa chakula bure au pesa, sema mwanzoni kwa mdomo na uandike kwenye maelezo juu kabisa. Mwaka 2020 Korea ilitikiswa na watangazaji maarufu wa mukbang waliobainika kuficha malipo. Wengine waliomba radhi, wengine waliacha kazi, na kuanzia 1 Septemba mwaka huo miongozo mipya ya tume ya ushindani wa haki ikataka tangazo lionekane wazi. Huku kwetu, anayetaka kuigeuza chaneli kuwa ya habari na matukio awaone TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kuhusu leseni kabla ya kuanza.

Nakala

Rekodi ya asili ibaki kwako. Kanuni ya Korea ya kuwataka watumiaji wa mtandao wathibitishe majina yao halisi ilipoifikia YouTube, Aprili 2009, kampuni ilikataa kuifuata na ikafunga kupandisha video na komenti kwa waliochagua Korea kama nchi yao. Mahakama ya Katiba iliifuta kanuni hiyo Agosti 2012. Pandora TV, iliyoanza kabla ya wote, ilifunga huduma yake 2023, na Twitch iliondoka Korea Februari 2024 ikilalamikia gharama za mtandao. Waliokuwa na faili zao walihamia kwingine. Kwa video za 1080p tenga GB 8 kwa saa ya rekodi, hamishia kwenye diski ya nje kila wiki, na uipe faili jina lenye tarehe na chakula, 2025-03-14_sambusa_nguru, ili mtu akikuuliza ile ya nguru uipate bila kufungua thelathini.